Mti Usiojulikana Jina

Somo letu la leo ni juu ya mti. Si mti wa msituni, wala si mti wa shambani. Ni mti uliopandwa karibu na nyumba ili upendeze macho. Huzaa matunda, lakini wenye nyumba hawajui jina lake.

Miti ya namna hiyo si michache katika Kabondo. Mnapokuja shuleni asubuhi, tembeeni polepole, mtazame ndani ya viwanja. Mwembe mwaujua. Mchikichi mwaujua, msafu mwaujua, na mpapai aujua hata mtoto wa miaka minne. Lakini penye pembe ya nyumba, au kando ya njia, pasimama mti mwingine wenye maua mengi. Ukimwuliza mama wa nyumba, atakujibu: «Sisi tuliukuta tu.»

Asema kweli. Mji wetu umeona watu wengi wakija na kuondoka. Zamani uliitwa Stanleyville, ukapewa jina la Kisangani mwaka 1966. Watu walizikimbia nyumba zao katika mapigano ya mwaka 1964, na wengine tena katika vita ya siku sita ya Juni 2000. Nyumba zilibadili wenyewe, miti ikabaki. Aliyeupanda mti pengine alijua jina lake na tabia yake. Aliyerithi kiwanja amerithi kivuli na matunda tu.

Sasa, mtoto aonapo tunda asilolijua huuliza mara: «Linaliwa?» Swali hilo si baya, lakini limekuja mapema mno. Swali la kwanza ni: «Huu ni mti gani?» Kwa maana tukishajua jina la mti, twaweza kujua yote ambayo watu wengine wamekwisha kujifunza juu yake, pengine kwa miaka mia nne, pengine kwa machozi. Tusipojua jina, kila mtoto lazima aanze upya, na tumbo lake mwenyewe ndilo litakalokuwa kitabu.

Fikirini muhogo. Upo muhogo mtamu, nao huliwa hata mbichi. Upo muhogo mchungu, nao una sumu. Mama zenu hawasemi «muhogo» tu, bali hujua kila aina kwa jina lake, na jina hilo huwaambia kama yawapasa kuuloweka siku tatu majini kabla ya kutengeneza kwanga, au kama waweza kuupika leo leo. Tazameni basi jinsi jina lilivyo kitu kikubwa. Ndani yake mna kazi yote ya kuloweka, kumenya, kutwanga na kuchemsha, ambayo bibi alimfundisha mama.

Yupo atakayesema: «Mwalimu, nitaonja kidogo tu kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu nitatema.» La, mwanangu. Uchungu si alama ya kuaminika. Kwinini ni chungu nayo yaponya malaria. Uyoga mwingine ni mtamu nao waua. Na yupo mwingine atakayesema: «Lakini nimeona ndege wakila tunda lile.» Hilo nalo si ushahidi. Ndege ana mwili wake, nasi tuna mwili wetu. Mti huu tutakaousoma leo, huko Uhindi wako ndege wanaokula nyama ya tunda lake wasidhurike, huku mbegu zake zikiua watu na ng'ombe.

Twende basi tukautazame. Mwalimu ataongoza, watoto watatazama. Hakuna atakayetia kitu chochote kinywani, na wote watanawa mikono kwa sabuni tutakaporudi.

Kwanza simameni mbali. Mti huu si mrefu, kwa kawaida ni mita 3 hadi 6. Mara nyingi hutoa mashina kadhaa toka chini, na watu wengine huukatakata uwe ugo. Mwaka mzima ni wa kijani, na majani yake hung'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya mawese. Maua ni ya manjano. Juu ya mti mmoja mwaweza kuona, kwa siku moja, ua lililochanua, tunda bichi na tunda lililokomaa.

Sasa sogeeni, mtazame tawi. Hapa wanafunzi wengi hufanya haraka. Hutazama jani, wakasahau kutazama jinsi jani lilivyokaa juu ya tawi. Kumbe hiyo ni alama yenye nguvu kuliko rangi, kuliko ukubwa, kuliko harufu. Rangi hubadilika kwa jua na kwa mvua. Mpango wa majani ni desturi ya mti, nao hauachi kwa urahisi.

Kuna desturi tatu kubwa. Miti mingine hutoa majani mawili mawili yanayotazamana, kama mpera. Mingine hutoa majani matatu, manne au zaidi mahali pamoja, nayo hulizunguka tawi kama pete. Mingine hutoa jani moja moja, kila moja mahali pake, yakipanda kwa kulizunguka tawi kama vipandio vya ngazi. Mti wetu ni wa desturi hii ya tatu. Wekeni kidole juu ya kikonyo cha jani moja, kisha pandisheni kidole hadi jani linalofuata, nanyi mtaona kwamba kidole kinazunguka.

Chukueni rula, mpime. Urefu wa jani ni sentimita 7 hadi 15. Upana wake haupiti sentimita 1 na kitu kidogo. Ni jani jembamba, lenye ncha mbele na nyuma. Katikati una mshipa mmoja ulio wazi, na mishipa ya kando haionekani vema. Andikeni hayo katika daftari. Msiandike «jani dogo», kwa maana neno «dogo» halimsaidii mtu asiyeuona mti. Andikeni namba.

Kisha mwalimu avunje jani moja. Tazameni! Maziwa meupe yanatoka mara moja. Hiyo ni alama ya pili yenye nguvu. Lakini msikimbilie kusema kwamba kila mti wenye maziwa ni mbaya. Mpapai una maziwa. Mfenesi una maziwa. Hata muhogo, mkivunja kikonyo cha jani lake, hutoa maziwa. Maziwa peke yake hayatoshi kuhukumu mti. Yatuambia tu kwamba tutafute katika koo chache, tuziache nyingine zote. Hiyo nayo ni faida kubwa, kama vile mtu anayetafuta mbuzi wake akiambiwa: «Hayuko upande wa Tshopo, yuko upande wa Kabondo.»

Basi, ua litatusaidia kuchagua ukoo. Ua la mti huu lina petali tano zilizoungana chini zikawa kama mrija wa kumiminia mafuta katika chupa. Urefu wake wapata sentimita 7. Lakini tazameni petali zenyewe: hazikufunguka wazi. Kila moja inaifunika jirani yake upande mmoja, na zote zimesokotwa, kama kitambaa mama anachokikamua baada ya kufua. Maziwa katika jani, na ua la petali tano lililosokotwa: alama hizo mbili zikikutana, mtaalamu hufikiri kwanza ukoo mmoja. Kwa Kilatini ukoo huo huitwa Apocynaceae. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni «mbali na mbwa», kwa sababu zamani mmea wa namna hiyo ulijulikana kuwa sumu ya mbwa. Jina hilo linaanza kutunong'oneza jambo.

Watu wa nchi yetu wanaujua sana ukoo huo, ingawa hawakujua jina lake la Kilatini. Mipira ya msituni, ile mizabibu mirefu ipandayo juu ya miti mikubwa, ni ya ukoo huu, nayo huitwa Landolphia. Katika siku za Dola Huru la Kongo, lililokuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili toka 1885 hadi 1908, babu wa babu zenu walilazimishwa kuingia msituni kukata mizabibu hiyo na kukusanya maziwa yake. Aliyeleta pungufu alipigwa, na wengi walikufa. Maziwa yale meupe yalipeleka mali nyingi Ulaya. Mkiyaona maziwa ya ukoo huu yakidondoka, si vibaya kuwakumbuka.

Hata hivyo, ndani ya ukoo huu mna chakula pia. Huko Unguja watu hunywa maji ya mabungo, ambayo ni matunda ya mzabibu wa ukoo huo huo, wenye maziwa kama huu. Mnaona basi? Kujua ukoo hakutoshi. Ndugu wa baba mmoja hawana tabia moja. Yatupasa kufika hadi jina la mti wenyewe.

Ili tufike, tuwaite washukiwa wote, tuwaulize mmoja mmoja, kama hakimu afanyavyo.

Wa kwanza ni mfrangipani, ule unaopandwa sana makaburini na mbele ya makanisa. Una maziwa, una ua lililosokotwa lenye harufu nzuri. Lakini matawi yake ni manene kama vidole gumba vya mtu mkubwa, na majani yake ni mapana, marefu kuliko mkono wa mtoto. Siye. Aende zake.

Wa pili ni mwoleanda, ambao kwa Kifaransa huitwa laurier-rose. Jani lake ni jembamba, karibu na jani letu, na watu wengi hudanganyika hapo. Lakini hesabuni: majani ya mwoleanda hukaa matatu matatu mahali pamoja, na tunda lake ni refu na jembamba kama ganda la kunde. Siye.

Wa tatu ni alamanda. Huyu ndiye mdanganyifu mkubwa, kwa maana ua lake ni la manjano na lina umbo la mrija kama ua letu. Mtu aliyetazama ua peke yake atasema bila shaka: «Ni alamanda!» Basi atazame tawi. Majani ya alamanda huzunguka tawi matatu au manne pamoja, nayo ni mapana zaidi. Tena hupenda kutambaa juu ya ugo, na tunda lake ni duara lenye miiba laini. Siye.

Wa nne si mgeni, ni mwenyeji wa misitu yetu, Rauvolfia, ambao wazee huutumia katika dawa zao. Maua yake ni madogo sana, na matunda yake ni punje ndogo nyekundu. Siye.

Sasa tulitazame tunda la mti wetu, na hapo shaka itakwisha. Ni tunda lisilofanana na lingine. Si duara wala si refu. Lina pembe tatu au nne, limebonyea, kama kofia ndogo iliyokaliwa. Upana wake ni sentimita 3 hadi 4. Likiwa bichi ni la kijani na hung'aa. Likikomaa hugeuka jeusi na kulegea. Mwalimu alipasue kwa kisu ambacho hakitumiki jikoni. Ndani ya nyama mna kokwa moja ngumu kama mfupa, nayo ina pembe kama tunda lenyewe. Ndani ya kokwa mna mbegu, mbili hadi nne.

Majani membamba ya moja moja, maziwa meupe, ua la manjano lililosokotwa, tunda la pembe lenye kokwa ngumu: hakuna mti mwingine wa viwanjani mwetu ulio na alama hizo zote nne pamoja. Jina lake ni Cascabela thevetia. Katika vitabu vingi mtaukuta bado kwa jina lake la zamani, Thevetia peruviana. Kwa Kifaransa huitwa laurier jaune.

Nataka tukae kidogo juu ya jina hili la Kifaransa, kwa kuwa lina hatari. Katika duka la vyakula huuzwa majani makavu yaitwayo laurier pia, nayo hutiwa katika mchuzi ili unukie. Hayo ni majani ya mti mwingine kabisa, ambao hauna undugu wowote na huu. Mtu akisikia kwamba mti wa kiwanjani pake ni laurier, akachuma majani akayatia chunguni, amewapikia watoto wake sumu. Kwa sababu hiyo wataalamu hawatosheki na majina ya nyumbani. Jina la nyumbani ni zuri, na mimi nawaomba mliulize kila mara kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kilokele. Lakini jina moja la nyumbani laweza kuvaliwa na miti mitatu, na mti mmoja waweza kuwa na majina kumi. Jina la Kilatini ni moja kwa dunia nzima, nalo huwafaa sawasawa mwalimu wa Kabondo, mganga wa Bombay na mwanafunzi wa Mexico.

Naye aliyeeneza desturi hiyo ya majina mawili ya Kilatini ni Mswedi, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Katika kitabu hicho hicho aliupa mti wetu jina la kwanza, Cerbera thevetia. Cerberus, katika hadithi za Wayunani wa kale, ni mbwa wa kutisha alindaye mlango wa kuzimu. Mbwa tena! Linnaeus hakuchagua jina hilo kwa kupenda mbwa. Alitaka kila asomaye aogope.

Na neno la pili, thevetia, lina habari itakayowapendeza ninyi watoto wa misioni. Limetoka kwa André Thevet, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Mfaransa. Mwaka 1555 alikwenda Brazili kwa merikebu pamoja na Wafaransa waliotaka kujenga huko. Alikaa majuma machache tu, akaugua, akarudi kwao mwaka uliofuata. Lakini alikuwa mtu wa kutazama na kuuliza. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1557 aliandika juu ya mti ambao wenyeji waliuita ahouai. Alisema kwamba tunda lake ni sumu kali, na kwamba wenyeji hutoa mbegu, wakayafunga maganda yale magumu miguuni mwao ili yalie wanapocheza. Mti ule ni ndugu wa mti wetu. Wenyeji wa Brazili ndio waliokuwa walimu, na mtawa alikuwa mwanafunzi aliyeshika kalamu.

Mwaka 1980 wataalamu waliupanga upya mti wetu katika jenasi ya Cascabela. Neno hilo latoka katika Kihispania, cascabel, na maana yake, watoto, ni njuga! Ndiyo, njuga zile zinazofungwa miguuni. Hivyo katika jina moja mmepata habari za mtawa na za wacheza ngoma waliouelewa mti huu kabla ya mtawa kufika.

Mti wenyewe asili yake ni Mexico na nchi za katikati ya Amerika. Watu waliupenda kwa maua yake, kwa kuwa haukauki upesi na mbuzi huuacha, wakaueneza katika nchi zote za joto. Ndivyo ulivyofika hata kwetu.

Sasa twaweza kulijibu swali lile la kwanza. Hauliwi. Sehemu zote za mti huu zina sumu: jani, ua, maziwa, gome, tunda, na mbegu kupita zote. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kukaushwa. Mbegu chache zatosha kumwua mtoto. Kwanza mtu husikia kinywa kikiwaka au kufa ganzi, kisha hutapika na kuharisha. Baadaye sumu hufika moyoni. Moyo, mnajua, hupiga kwa mpango kama ngoma. Sumu hii huharibu mpango huo: mapigo huwa ya polepole mno, hurukaruka, na mwisho husimama. Hatari ni kwamba mabaya ya moyo yaweza kuchelewa saa kadhaa. Mtoto ametapika, amenyamaza, wazazi wasema: «Amepona, alale.» Wasimlaze. Wampeleke hospitali mara moja, hata akiwa anacheza.

Na wakienda, wachukue tawi lenye majani, na tunda, na ua likiwapo, wafunge katika karatasi. Hapo ndipo jina lipo na kazi. Mganga akiambiwa, «Amekula tunda la kijani,» atakuwa gizani, kwa maana matunda ya kijani ni mengi. Akiambiwa, «Amekula mbegu za Cascabela thevetia,» au akioneshwa tawi, ajua mara moja kwamba ni sumu ya moyo, naye hataacha kusikiliza mapigo usiku kucha. Msimtie mtoto kidole kooni. Msimpe mafuta wala dawa ya majani. Njia ni ndefu kutosha, msipoteze muda.

Sumu za namna hii zimo katika ndugu wengine wa ukoo huu. Katika safari ya David Livingstone huko Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, alikuwamo daktari na mtaalamu wa mimea, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza huko Unguja. Kirk alikusanya sumu ya mishale ya wawindaji, iliyotoka katika mmea uitwao Strophanthus. Mswaki wake uliwekwa pamoja na sumu ile. Alipoutumia akasikia uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Alikuwa mtu mwenye akili, akayahesabu mapigo yake, akaandika. Baadaye wataalamu wa Ulaya waliitengeneza sumu ile ikawa dawa ya wagonjwa wa moyo, kwa kipimo kidogo sana. Msijaribu nyumbani! Kati ya kipimo cha dawa na kipimo cha kifo pana nafasi nyembamba kama jani la mti wetu.

Je, tuukate? Wengine husema kila mti wa namna hii ung'olewe leo leo. Mimi nafikiri yafaa kutazama mahali. Penye watoto wadogo, penye shule, penye mbuzi waliofungwa, ung'olewe, nao upandwe mpera au mwembe mahali pake. Katika kiwanja cha watu wazima waujuao, waweza kukaa, maana ni mzuri kweli, lakini matunda yaliyoanguka yaokotwe na kufukiwa. Anayeukata asiguse macho kabla ya kunawa. Vijiti vyake visichomewe mishikaki, na kuni zake zisiwekwe jikoni.

Limebaki jambo moja. Tutafanyaje tukikuta mti ambao hata mwalimu hautambui? Kuna njia, nayo haihitaji fedha. Kateni tawi la urefu wa mkono, lenye majani, na maua au matunda. Tawi lisilo na ua wala tunda ni kama barua isiyo na sahihi. Litandazeni kati ya magazeti makavu, jani moja likigeuzwa ili upande wa chini uonekane. Wekeni ubao juu, na mawe juu ya ubao. Sisi wa Kisangani tuna shida moja: karibu na ikweta hewa ni ya majimaji, na tawi huota ukungu upesi. Kwa hiyo badilini magazeti kila siku, kwa siku saba au zaidi, na magazeti yaliyolowa yaanikwe juani.

Kisha andikeni karatasi ndogo ya habari. Mahali mlipolikata, kwa jina la barabara. Tarehe. Urefu wa mti. Rangi ya ua lilipokuwa bichi, maana likikauka hupoteza rangi yake. Kama una maziwa au hauna. Jina ambalo wenyeji huliita, na lugha yake. Karatasi hiyo ina thamani sawa na tawi. Nimeona matawi mazuri yaliyotupwa kwa sababu hakuna aliyejua yalitoka wapi.

Tawi kama hilo huhifadhiwa katika nyumba iitwayo herbario. Kubwa ya nchi yetu iko Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa mkifuata mto kwenda magharibi, katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na INEAC, shirika la mwaka 1933, ambacho leo ni cha INERA. Mna maelfu na maelfu ya matawi makavu, kila moja na karatasi yake. Mtaalamu huliweka tawi lenu kando ya yale, akalinganisha jani kwa jani, mpaka apate ndugu yake. Hata Chuo Kikuu cha Kisangani, hapa mjini, kina walimu wa elimu ya mimea. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Adamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina. Kazi hiyo haijaisha, na miti ya viwanja vya Kabondo imo katika sehemu iliyobaki.

Maswali

1. Kwa nini swali «Linaliwa?» halifai kuwa la kwanza?
2. Elezeni desturi tatu za majani juu ya tawi. Toeni mti mmoja wa kila desturi, isipokuwa ile miti iliyotajwa katika somo.
3. Alamanda na mti wetu vina maua yanayofanana. Mtawatofautishaje bila kulitazama ua?
4. Jina laurier laweza kuleta hatari gani jikoni?
5. Mtoto wa jirani amekula mbegu za mti huu, ametapika, naye asema sasa ni mzima. Wazazi wake wafanye nini, na wachukue nini mkononi?

Kazi ya nyumbani. Chagueni mti mmoja karibu na nyumba yenu ambao hakuna mtu wa nyumbani ajuaye jina lake. Chora jani lake kwa ukubwa wake wenyewe, na jinsi lilivyokaa juu ya tawi. Andika vipimo. Waulize wazee watatu jina lake, na uandike majibu yao yote matatu, hata kama hayapatani. Tawi lenyewe likatwe na mtu mzima.